Sababu ya Safari

Kutoka Nyakiriba mpaka Karongi mjini ni mwendo wa kama saa tatu kwa koasta. Ukiongeza moto ya kupanda Kiziba, unaweza kuondoka asubuhi na ukala chakula cha mchana kwenu. Mimi, mwezi wa Novemba 2023, njia hiyo niliifanya siku nne. Wengi hapa kambini wanakumbuka ile Jumapili nilivyoshuka kwenye gari la Bazungu lenye kitanda na jiko ndani, watoto wakalizunguka wakiimba. Vijana wangu mpaka leo wananitania: "Kaka alienda kazi, akarudi mtalii." Nami nacheka nao. Lakini kwa nini nilikubali kwenda polepole vile, hilo sikumwambia mtu hapa isipokuwa mama yangu. Naliandika sasa kwa sababu naona si mimi peke yangu niliyewahi kubeba mzigo wa namna ile.

Nilizaliwa Kiziba mwaka 1999. Kambi ilifunguliwa Desemba 1996, kwa hiyo imenizidi umri kidogo, kama dada mkubwa. Mama alitoka Masisi. Walikaa kwanza upande wa Gisenyi, halafu wakapakiwa kwenye malori wakaletwa huku juu. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza ile barabara ilikuwaje. Akasema: "Turubai ilikuwa imefungwa. Niliona miguu ya batu." Basi. Miaka yote tumeliona ziwa la Kivu kutoka kwenye mlima wetu, linang'aa chini kama sahani ya bati, na wengi wetu hatujawahi kutia mguu ndani yake. Ukitoka kambini kwa siku kadhaa unaomba ruhusa, na karatasi inauliza sababu ya safari. Watu wanaandika: matibabu, masomo, msiba, kazi. Sijawahi kuona aliyeandika "kutembea".

Karatasi yangu iliandikwa "kazi". Mwaka huo vita ya Masisi na Rutshuru ilikuwa imewaleta watu wengi Nkamira, kwenye kituo cha muda kule Rubavu, na walitafutwa vijana wanaojua Kinyarwanda pamoja na Kiswahili chetu cha Kongo. Nikaenda wiki sita. Kazi ilikuwa mpira, michoro, nyimbo, na kuwasaidia wazee kueleza mambo yao kwenye meza ya maandikisho. Nilipanga chumba Nyakiriba pamoja na wenzangu wawili kwa sababu bei ilikuwa nafuu na Nkamira si mbali kwa moto. Ni sehemu ya vilima na mashamba ya viazi, udongo mweusi, baridi asubuhi. Bonde la Sebeya liko karibu. Ule mto ulifurika usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei mwaka ule ule, siku ambayo mvua iliua watu zaidi ya 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, na mwezi wa Novemba bado ungeona mstari wa tope kwenye kuta za nyumba za chini.

Jumanne ya wiki yangu ya mwisho, mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni alinisikia nikitaja kijiji cha kwetu. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia. Alinyamaza, akanishika mkono, akanivuta pembeni karibu na matangi ya maji. Mama yangu mkubwa, dada pekee wa mama yangu, yule aliyebaki Masisi mwaka 1996 kwa sababu mume wake alikataa kuacha ng'ombe, alikuwa amefariki mwezi wa Oktoba. Walikuwa wanakimbia kwa miguu kuelekea Sake. Alichoka, alikuwa na homa, akalala kando ya barabara, hakuamka. Walimzika hapo hapo.

Sikumjua kwa sura. Nilimjua kwa sauti. Alikuwa anamtumia mama ujumbe wa sauti kwenye simu yangu, mrefu, wa dakika nne au tano, na nyuma yake unasikia kuku na watoto. Tangu mwezi wa pili hakukuwa na ujumbe. Mama alisema, "Ni netiwoki." Sisi wote tukasema ni netiwoki.

Kwetu habari ya msiba haitumwi kwa simu kwa mtu mzima, na hasa kwa mama yako. Unakwenda, unakaa, unamwita mzee wa kanisa au jirani, ndipo unasema. Kwa hiyo nilitakiwa kumaliza kazi Jumatano jioni na kupanda koasta ya kwanza Alhamisi. Ruhusa yangu ilikuwa inakwisha Jumapili.

Sasa lile gari. Lilikuwa limeharibika Nyakiriba tangu Jumapili iliyotangulia. Pampu ya maji ilikufa, fundi akaagiza nyingine kutoka Kigali, na siku zote hizo gari likakaa mbele ya gereji kama tembo aliyelala. Wenyewe walikuwa Waholanzi wawili, mzee na mkewe, wote wamestaafu. Mzee alikuwa mwalimu wa hesabu, mama alikuwa muuguzi wa wazee. Gari walilituma kwa meli hadi Mombasa, wakapita Kenya na Uganda. Watoto wa Nyakiriba walikuwa wanachungulia dirishani tangu asubuhi mpaka giza. Siku moja nilikuwa na kijana wangu mmoja wa Nkamira, miaka kumi na mbili, tukapita pale. Akaniuliza:

"Kaka, banalala mu gari?"

"Ndiyo."

"Habana nyumba?"

"Banayo. Kubwa."

Akafikiri sana. "Sasa banakimbia nini?"

Nilimtafsiria yule mama wa Kiholanzi. Hakucheka. Alisema hakuna wanachokimbia, wanapenda tu kuona. Kijana aliniangalia kama vile nimetafsiri vibaya.

Ndivyo tulivyojuana. Fundi hakujua Kiingereza, wao hawakujua Kinyarwanda, nami nilikuwa nasimama katikati na Kiingereza changu cha sekondari. Nikaingia ndani, nikapima kwa hatua: tano kwa mbili. Nyumba yetu ya Kiziba niliyokulia, watu sita, ile ya udongo na shitingi juu, haikulizidi sana. Tofauti ni kwamba wao kila kitu kina mahali pake. Kijiko kina shimo lake.

Jumatano usiku pampu ikafungwa. Wakaniambia wanafuata ziwa kuelekea kusini, Karongi halafu Rusizi, kama nataka kwenda nao. "Lakini sisi tunakwenda polepole," mzee akasema, kama anayeomba radhi. "Labda siku mbili, labda nne."

Nilijibu ndiyo kabla hajamaliza. Nikajiambia ni kwa sababu ya nauli nitakayookoa. Nikajiambia na kwa sababu ya Kiingereza. Shuleni tulifundishwa methali mbili zinazogombana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja yaumiza matumbo. Usiku ule nilichagua ile ya kwanza kwa sababu ilinifaa.

Alhamisi tuliondoka saa nne. Tulishuka mpaka mashamba ya chai ya Pfunda, pale barabara ya Karongi inapochepuka. Nikadhani tunaingia. Mzee akasema, hapana, kwanza tuone ziwa, tukateremka Rubona. Tuliegesha karibu na maji ya moto ya Nyamyumba, pale wazee wanakuja kuloweka miguu inayouma na vijana wanakuja kuwauzia vitu wageni. Yule mama alivua viatu akakaa kati ya wamama wa pale, akatia miguu. Wakaongea kwa mikono. Nilitaka kwenda kutafsiri, mzee akanizuia: "Waache."

Jioni akapika wali na maharage kwenye jiko dogo la gesi, tukala nje. Mwezi haukuwepo, na giza la namna hiyo ndilo wanalolipenda wavuvi wa sambaza. Mitumbwi yao inakwenda mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu inayotoka mbele na nyuma kama pembe, na nyavu katikati. Wanatoka magharibi wakiimba ili makasia yaende pamoja, halafu wanawasha taa, na sambaza wanafuata mwanga. Niliwaambia wale wazee jambo nililolisoma sekondari, kwamba sambaza si samaki wa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio wanaolisha watu wa pande zote mbili, Rwanda na Kongo. Serikali inafunga ziwa kwa muda kila mwaka ili wazaane. Mzee akauliza kama sasa wanahesabiwa kuwa wa hapa. Nikasema hakuna anayewauliza karatasi.

Akaniambia kwao sasa hivi ni msimu wa majani kuanguka. Miti inakuwa ya njano na nyekundu, halafu inabaki mifupa, watu wanafunga bustani na kuingia ndani. Nikamwambia hapa ni umuhindo, mvua zimerudi tangu Septemba, ni wakati wa kupanda. Maharage yako ardhini, mahindi yako ardhini, na ukipita sasa shamba bila jembe watu wanakushangaa. Alipenda sana hilo neno. Alilirudia mpaka akalisema vizuri: umuhindo.

Nililala kwenye kiti cha mbele kilichokunjwa. Nilifungua simu, nikaangalia zile sauti za mama mkubwa, zimejipanga na tarehe zake. Sikubonyeza.

Ijumaa tulirudi Pfunda, tukaingia barabara ya Gisiza. Siku hizi ni lami tupu, mikono mikono, inapanda na kushuka, na kila ukigeuka kilima unaliona ziwa liko upande mwingine wa ulivyoliacha. Koasta inapita hapo kama inafukuzwa, abiria wanatapika kwenye mifuko. Sisi tulikuwa tunasimama. Tulisimama kuangalia mtu anapanda viazi. Tulisimama kununua parachichi tatu, tukamaliza nusu saa. Tulisimama bila sababu yoyote, mzee akazima gari na kusema "sikilizeni", na kulikuwa na mbuzi mmoja tu.

Nitasema kweli: mara ya kwanza ilinikera. Mwili wangu haujui kusimama njiani. Mimi ni mtoto wa kambi, barabara kwangu ni kitu cha kumaliza kabla hakijabadilika. Lakini kufikia mchana nilianza kuona. Niliona jinsi nyumba zinavyobadilika kutoka mawe meusi ya volkano upande wa Rubavu kuwa matofali ya udongo mwekundu upande wa Rutsiro. Niliona visiwa, na nyuma yao milima ya buluu ya Kongo. Nikafikiri: malori ya mwaka 1996 yalipita kando ya maji haya haya, na mama yangu hakupewa kuyaona. Na mimi nayaona kwa nafasi wakati nina mzigo wake mfukoni.

Jioni tulishuka Kinunu kwa njia mbaya ya udongo, pale wanapooshea kahawa. Mvua ikaanza. Saa mbili usiku mtu akagonga. Mkuu wa mudugudu, amevaa koti refu la mvua na tochi. Wazee wakaonyesha pasipoti, akazitazama upesi akarudisha. Mimi nikatoa kitambulisho changu cha mkimbizi na karatasi ya ruhusa. Hizo alizisoma taratibu, mstari kwa mstari.

"Hapa wameandika kazi," akasema kwa Kinyarwanda.

"Ndiyo, mzee."

"Hii ndiyo kazi?" Akamulika kitanda, jiko, yule mama amevaa soksi za sufi.

Sikujua nijibu nini. Mwishowe nikasema narudi nyumbani. Akauliza nyumbani wapi. Nikasema Kiziba. Akafikiri, akasema basi lazima nina haraka, maana ruhusa inakwisha Jumapili. Akakaa. Alikunywa chai vikombe viwili, akaeleza jinsi kahawa inavyoanikwa, akaondoka. Baadaye kidogo mtoto akaja na viazi vitamu vya moto kwenye sahani iliyofunikwa.

Lile swali lake halikuondoka naye. Mzee alishalala. Yule mama alikuwa anaosha vikombe, akaniuliza kwa nini kila usiku nashika simu na siandiki kitu. Nilimwambia yote. Foleni, matangi ya maji, Sake, koasta ambayo sikuipanda. Nilingoja aseme pole, au aseme nimekosea. Alikausha kikombe cha mwisho, akakitia kwenye shimo lake.

"Mama yako atauliza nini kwanza?" akasema.

Nikafungua mdomo. Kumbe sijui. Sikujua alizikwa saa ngapi. Sikujua nani alichimba, nani alisali, kama kuna alama. Yule mama wa Nkamira aliniambia, mimi nikasema aksanti, nikakimbilia mpira wa watoto. Nilikuwa nabeba kifuko nisichokifungua. Akasema katika kazi yake aliwaambia watu wengi habari za namna hii, na kwamba waliomsumbua mpaka leo ni wale aliowaendea bila majibu.

Jumamosi asubuhi nilipanda kilima kutafuta netiwoki. Nilimpigia mwenzangu aliyebaki Nkamira, akamtafuta yule mama, akampa simu. Tuliongea dakika ishirini na moja. Walichimba vijana watatu kwa jembe la kuazima kwenye nyumba ya karibu. Katekista mmoja aliyekuwa anakimbia pamoja nao alisali. Ilikuwa asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Waliweka mawe matatu meusi ya volkano, moja kubwa kichwani, na mahali penyewe ni karibu na mkaratusi uliokatwa. Watu wawili wanajua mahali hapo na wako hai. Niliandika kila kitu nyuma ya ile karatasi ya ruhusa, sikuwa na nyingine.

Siku ile mvua haikukatika. Tulipita Gisiza na kuendelea, Rubengera sokoni tukala mishikaki ndani ya gari, jioni tukafika Karongi. Nilikuwa kilomita chache kutoka kwetu. Ningeweza kuchukua moto. Barabara ya kupanda ilikuwa na utelezi, ni kweli, lakini watu wanaipanda kila siku na mvua. Nilikaa.

Kutoka pale tulipoegesha unaona taa za mtambo ulioko ndani ya ziwa, ule unaovuta gesi ya metani kutoka chini na kuipeleka nchi kavu kuwa umeme, megawati 26. Mzee alikuwa amesoma habari zake. Alinieleza kwamba ziwa lina kina cha karibu mita 480, na gesi imeyeyuka chini kabisa, imekandamizwa na uzito wa maji. Inakaa. Kule Kamerun, ziwa Nyos lilitoa gesi yake kwa usiku mmoja mwaka 1986, watu zaidi ya 1,700 wakafa. Hapa wanaitoa kidogo kidogo kwa bomba, na inawasha taa. Alieleza kama mwalimu, kwa furaha, akichora kwenye kioo chenye mvuke. Mkewe aliniangalia mara moja, akaendelea kusuka sweta.

Jumapili saa tano tulipanda Kiziba. Mnajua mlivyotupokea. Mama alitoka amevaa kitenge kipya, nywele zimesukwa. Aliwakaribisha wale wageni, akawapa viti, akatuma soda. Walikaa nusu saa tu. Yule mama wa Kiholanzi alimshika mama yangu mikono miwili, muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na wakaondoka wakashuka Rusizi. Nilikuwa nimekwisha kumwita mzee wa kanisa na jirani yetu. Mama alipowaona wanaingia pamoja, akakaa chini mwenyewe.

Nilisema. Sitayaandika maneno.

Swali lake la kwanza lilikuwa: "Alikuwa amekula?"

Hilo sikuwa nalo. Dakika ishirini na moja za simu, karatasi imejaa, na hilo sikuuliza. Nikasema sijui. Akauliza nani alichimba. Hilo nililijua. Nikasoma yote, vijana watatu, jembe, katekista, mawe, mti. Kila jibu alitikisa kichwa kama mtu anayepokea vitu na kuvipanga. Halafu akauliza nimepata habari hiyo lini.

"Jumanne."

Akahesabu kwa vidole. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Kwenye Jumamosi kidole kikasimama.

"Jana nilikuwa mu harusi," akasema. "Kwa jirani. Nilicheza, mutoto wangu."

Jirani mwenyewe alikuwa amekaa pale pale. Akaangalia chini.

"Nilicheza sana. Batu balinipigia makofi. Dada yangu iko mu udongo mwezi muzima, na weye unajua, uko kwa maji unaangalia samaki, na miye nacheza."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, na kwa maswali. Sikufikiri kwamba wakati mimi nilipokuwa nasimama njiani kusikiliza mbuzi, siku zake zilikuwa zinaendelea, na kwamba kila moja atakuja kuihesabu. Nilidhani nachelewesha maumivu. Kumbe nilikuwa nachukua siku zake bila kumwomba.

Tulikaa matanga wiki ile. Watu wa Masisi walikuja, hata wasiomjua. Hakuzungumza nami sana. Siku ya tano, usiku, wageni wameondoka, aliniomba simu. Tulisikiliza zile sauti zote kuanzia ya mwanzo, yeye na mimi, kimya, kuku na watoto nyuma. Zilipokwisha akaniuliza, bila kunitazama:

"Ile barabara inapita kando ya ziwa kweli?"

"Njia nzima, mama."

"Nieleze."

Nikaanza kwa haraka, Pfunda, Gisiza, Rubengera. Akanizuia. "Hapana. Namna muliipita." Basi nikamwelezea namna tulivyoipita, na kila kituo. Chai ya Pfunda. Wamama wa Nyamyumba na miguu yao. Mitumbwi mitatu mitatu. Mkuu wa mudugudu na tochi yake, hapo alicheka kidogo. Mawe meusi yanavyokwisha na udongo mwekundu unavyoanza. Ilichukua usiku mwingi. Alikuwa amefumba macho, nadhani alikuwa anaitoa turubai.

Hajaniambia kwamba amenisamehe, nami sijauliza. Kuna jambo moja nimebadilisha kwenye kazi yangu. Vijana wakiniuliza habari ya nyumbani wanayoisikia Nkamira au kwenye simu, nawaambia: uliza kwanza yale ambayo mama yako atauliza, pamoja na kama alikuwa amekula. Halafu nenda siku hiyo hiyo. Kama unataka kwenda polepole, rudi nenda polepole baadaye, mkiwa wote mnajua.

Na sisi tulirudi. Umuhindo uliofuata, Oktoba 2024, niliomba ruhusa ya kikundi, vijana kumi na wawili, Jumamosi moja. Niliandika majina yote. Mwishoni nikaongeza la kumi na tatu, la mama. Kwenye mstari wa sababu nilikaa na kalamu muda mrefu, halafu nikaandika: "Kuona ziwa." Afisa aliisoma mara mbili. Akauliza kama kuna semina huko. Nikasema hakuna. Akauliza tutafanya nini sasa. Nikasema tutaliangalia. Alicheka, akatikisa kichwa, akagonga muhuri.

Tulishuka kwa miguu tangu asubuhi. Mama alikuwa wa mwisho, alisimama kila mahali. Hakuna aliyemharakisha.